Kompyuta ya Baiskeli Isiyo na Waya: Kuichagua, Kuifunga na Kuiamini

Muulize mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli kila siku kuna umbali gani kutoka kwake, naye atakujibu kwa dakika. Jibu lake ni la kweli, na kwa kuwahi kazini linamtosha. Ila dakika hazitamwambia ni lini cheni imefika mwisho wake, wala tairi alilouziwa kwa sifa nyingi limemtumikia kiasi gani, wala kama mazoezi ya miezi mitatu yamemwongezea kasi au uchovu tu. Mambo hayo yanataka kilomita. Kifaa cha bei nafuu cha kuzihesabu ni kompyuta ndogo ya baiskeli isiyotumia waya, au mita kwa jina la mkato: kidude chenye kioo cha namba kwenye usukani, kihisi kwenye foku, na sumaku ndogo kwenye spoku ya gurudumu la mbele.

Ninachotaka kusisitiza mapema ni kwamba usahihi wa mita hii haununuliwi dukani. Mita ya bei ndogo iliyofungwa vizuri na kupewa namba sahihi ya gurudumu itakuambia ukweli kuliko ya bei mara tano iliyofungwa ovyo. Tenga basi fedha kidogo na muda wa kutosha. Nusu saa ya kufunga na kupima ina faida kuliko mbwembwe zote zilizochapwa kwenye boksi.

Utendaji wake hauna fumbo. Sumaku huzunguka na gurudumu, na kila inapopita mbele ya kihisi hufunga swichi ndogo iliyo ndani yake. Kihisi hurusha ishara ya redio kwenda kwenye kioo, na kioo huhesabu. Ishara moja ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukiwa umeiambia mita kwamba mzunguko mmoja wa tairi lako hufunika milimita 2,105 za barabara, basi ishara 1,000 ni kilomita 2 na mita 105, na muda unaopita kati ya ishara moja na inayofuata ndio unaoipa mwendokasi. Kwa gurudumu la ukubwa huo, ukienda kilomita 30 kwa saa, sumaku hupita karibu mara 4 kila sekunde. Hapo hakuna setilaiti wala ramani. Wazo lenyewe lina zaidi ya karne moja: mwaka 1895 Mmarekani Curtis Veeder alitengeneza kihesabu umbali cha baiskeli, ambacho pini iliyofungwa kwenye spoku ilikisukuma kigurudumu chenye meno kila gurudumu kubwa lilipozunguka. Swichi ya sumaku iliyokuja kuchukua nafasi ya pini, yaani vibanzi viwili vya chuma ndani ya kichupa cha kioo, ilibuniwa na Walter Ellwood wa maabara za Bell mwaka 1936. Kinachohesabiwa ni kilekile alichohesabu Veeder. Kilichobadilika ni namna ya kuifikisha hesabu machoni pako.

Njia moja ya kuifikisha ni waya, na mita za waya bado zinauzwa. Sizibezi. Ni nafuu zaidi, hazina betri ya pili kwenye kihisi, na haziingiliwi na mawimbi ya kitu kingine. Kwa baiskeli inayotoka Jumapili tu, mita ya waya inafaa kabisa. Udhaifu wake ni huo waya wenyewe. Unashuka kutoka kwenye usukani hadi chini ya foku, na usukani hugeuka kila kona. Waya hukwaruzwa na kapu, hunaswa na mzigo, mwisho hukatika ndani ya ganda lake mahali usipopaona. Anayebeba maziwa, mkaa, mbao au abiria, anayeegemeza baiskeli ukutani sokoni au kuipandisha juu ya basi, asijisumbue na waya.

Mita zisizo na waya ziko za aina mbili, na hapa wanunuzi wengi hupitwa. Aina ya kwanza ni ya analojia: kihisi hurusha mpigo mtupu usio na jina, na kioo chochote cha aina hiyo kilicho karibu huupokea. Masafa yake ni mafupi, kwa kawaida sentimita 60 hadi 70 hivi, lakini ukienda bega kwa bega na mwenzako mwenye mita kama yako, hesabu zinaweza kuchanganyika. Aina ya pili ni ya kidijiti. Kihisi hutuma ishara yenye kitambulisho chake, na kioo hufundishwa mara moja kukisikiliza hicho peke yake. Mtu anayeendesha peke yake, kwa baiskeli ya kawaida, analojia inamtosha. Anayeendesha na kundi, au mwenye taa kali ya LED kwenye usukani, atafute ya kidijiti hata kama itabidi aongeze pesa, kwa kuwa taa hizo ni mojawapo ya vitu vinavyovuruga sana mita za analojia. Muuzaji akiwa hajui anauza ipi, fungua kijitabu cha maelekezo. Kikiwa na hatua ya kuoanisha kihisi na kioo, hiyo ni ya kidijiti.

Kuna baiskeli moja ninayotaka kuitaja kwa jina kabla hujalipa: ile ya kukunja yenye magurudumu ya inchi 20, ambayo siku hizi huonekana sana kwenye mitumba. Foku yake iko chini na usukani wake uko juu kwenye shingo ndefu. Kutoka kwenye kihisi hadi kwenye kioo inaweza kuwa sentimita 80 au zaidi, na mita ya analojia itakaa kimya hata ukibadilisha betri zote. Pima umbali huo kwa tepu ukiwa nyumbani, uende dukani na namba mkononi. Ukizidi masafa yaliyoandikwa kwenye kijitabu, nunua ya kidijiti yenye masafa marefu, au ya waya.

Dukani, itoe mita kwenye boksi uitazame. Namba ya mwendokasi isomeke ukiwa umeinyoosha mkono mmoja mbele, kwenye jua na si chini ya taa ya duka. Kwa waliofika umri wa kusukuma gazeti mbali ndipo wasome, kuna mita zenye tarakimu kubwa makusudi, kama Padrone ya Cateye, kampuni ya Osaka nchini Japani. Angalia betri: kioo na kihisi vyote vitumie betri ya kawaida, na iliyo rahisi kuliko zote kuipata ni CR2032, ile ya duara inayokaa pia kwenye rimoti nyingi za magari na kwenye ubao mama wa kompyuta za mezani. Mfuniko wa betri ufunguke kwa sarafu, na uwe na mpira wa kuzuia maji. Uliza kama kitako cha usukani, sumaku na kihisi vinauzwa kama vipuri. Kwa bidhaa za Cateye, au Sigma ya Ujerumani, vipuri hivyo vipo, lakini kwa mita isiyo na jina, kihisi kikipotea umenunua saa ya ukutani. Na uliza jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: je, jumla ya kilomita za zamani inaweza kuingizwa tena baada ya kubadilisha betri? Kwenye baadhi ya mita, betri ikitoka, kila kitu hufutika, pamoja na kilomita ulizokusanya kwa miaka.

Vipimo vya lazima ni vichache: mwendokasi wa sasa, umbali wa safari, jumla ya kilomita zote, muda wa safari, na saa. Wastani wa mwendo ni nyongeza nzuri. Usilipie kalori. Mita ya msingi haina namna ya kujua moyo wako unapiga vipi wala mlima una mwinuko gani, kwa hiyo inakadiria kwa mwendokasi tu. Panda kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa kilomita 8 kwa saa, jasho likikuchuruzika hadi kwenye viatu, nayo itakuandikia kalori za mtu aliyetoka kutembea. Geuka ushuke bila kukanyaga pedeli, na itakusifu kwa kazi kubwa. Namba hiyo humpotosha anayetaka kupunguza uzito, na nawasihi wauzaji waache kuitangaza.

Mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na wengi walivutiwa na vifaa walivyoviona kwenye usukani wa wale wakimbiaji. Vile ni vitu vingine: vina setilaiti na ramani, na hupokea nguvu ya miguu na mapigo ya moyo. Mkimbiaji anavihitaji kwa sababu kocha wake anavisoma. Mtu anayetaka kujua cheni yake imekwenda kilomita ngapi hana haja navyo, na vingi vyake huhitaji kuchajiwa kila baada ya siku chache. Betri mbili za duara kwenye mita ya msingi hudumu karibu mwaka mzima kwa matumizi ya kawaida.

Simu je? Simu ina GPS na programu za bure, na kwa kuhifadhi njia uliyopita inaishinda mita kwa mbali. Lakini ukiiwasha kioo safari nzima itakula chaji, juani haisomeki vizuri, na kuibandika kwenye usukani katika foleni za mjini ni kumwonyesha kibaka njia. Ukitaka vyote viwili, iache simu mfukoni irekodi njia, na mita ikuonyeshe namba.

Sasa kufunga. Kabla hujagusa kibana chochote, zungusha gurudumu la mbele na ulitazame likizunguka. Rimu ikiwa imepinda na gurudumu linayumba, lipeleke kwa fundi alinyooshe kwanza. Sumaku inayotakiwa kukaa karibu na kihisi, kwenye gurudumu linaloyumba, siku moja itakigonga. Halafu kagua spoku zote. Baiskeli ya mtumba inaweza kuja na sumaku ya mita iliyokwisha kung'olewa na mwenye nayo wa kwanza. Sumaku mbili kwenye gurudumu moja hutoa ishara mbili kwa kila mzunguko, na kioo kitakuonyesha 40 wakati unakwenda 20. Ukiikuta ya zamani, itoe.

Anza na kioo. Kiweke karibu na katikati ya usukani, mahali unapoweza kukitazama bila kuinamisha kichwa, na mbali na taa. Kisha kishikize kihisi kwenye mguu wa foku kwa mkono tu, bila kukikaza, upande ambao kijitabu kinauelekeza. Kadiri kihisi kinavyopanda juu kwenye foku ndivyo kinavyokikaribia kioo, na kwa mita ya analojia kila sentimita ina maana. Sumaku ifuate kihisi. Unaweza kuiweka popote kwenye urefu wa spoku bila kubadili hesabu hata kidogo, kwa sababu iwe karibu na haba au karibu na rimu, itapita mara moja tu kwa kila mzunguko.

Kinachobadilisha mambo ni nafasi kati ya sumaku na kihisi. Mita nyingi zinataka milimita 5 au pungufu. Penseli ikipita katikati yake bila kugusa, ni mbali mno. Vihisi vingi vina alama, mstari au nukta, na sumaku inapaswa kupita mbele ya alama hiyo hasa, si juu yake wala chini yake. Kama mguu wa foku ni mwembamba na kihisi kiko mbali na spoku, weka kipande cha mpira wa tyubu ya zamani chini yake kukiinua. Hiyo ni dawa nzuri kuliko kuipinda spoku, jambo ambalo nimeona mafundi wakilifanya na ambalo hupunguza uhai wa gurudumu. Inyanyue baiskeli, zungusha gurudumu, na ngoja namba itokee. Ikitokea, kaza vibana vya plastiki, kata mikia yao, na zungusha tena usikilize kama kuna kinachogusa. Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, rudia ukaguzi huo kwa mkono. Kihisi kilicholegea kinaweza kugeuka na kuingia kwenye spoku wakati gurudumu liko kwenye mwendo, na hapo mhanga hatakuwa kihisi peke yake.

Kazi ya thamani kuliko zote ni namba ya gurudumu, yaani mzingo: urefu wa ardhi unaofunikwa na tairi likizunguka mara moja. Mita nyingi hutoka kiwandani zikiwa na namba ya tairi jembamba la baiskeli ya mbio, karibu 2,100, na mtu asiyesoma kijitabu huiacha hivyohivyo. Kijitabu huwa na jedwali. Kwa tairi la 26 × 1.95, ambalo ni la kawaida kwenye baiskeli za milimani, utakuta 2,050. Kwa 700 × 25 ni 2,105, kwa 700 × 38 ni 2,180, kwa 29 × 2.1 ni 2,288, na kwa lile gurudumu dogo la 20 × 1.75 ni 1,515 tu. Ukubwa wa tairi lako umeandikwa ubavuni mwake. Ukifutika, sugua kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Angalia pia kama mita inataka milimita au sentimita, kwani zipo za zamani zinazotaka tarakimu tatu badala ya nne.

Ona uzito wa namba hiyo. Mwenye tairi la 26 × 1.95 akiiacha mita yake kwenye 2,105, kila kilomita 40 atakazokwenda kioo kitazidisha kilomita moja na ushei. Hilo linavumilika. Lakini mwenye baiskeli ya kukunja akiiacha namba hiyohiyo, kila anapokwenda kilomita 20 kwa saa kioo kitamwonyesha karibu 28. Ataamini ana mapafu ya ajabu, atapanga safari ndefu kwa mwendo huo, na giza litamkuta njiani.

Jedwali ni mwanzo mzuri, ila halijui upepo wa tairi lako wala uzito wako. Tairi likibonyea, mzingo hupungua. Kwa hiyo pima mwenyewe, na kwa baiskeli za kazi zenye magurudumu ya inchi 28, kama Phoenix, ningesema ulisahau jedwali kabisa upime. Jaza upepo unaoutumia siku zote. Tafuta sakafu iliyonyooka. Simamisha baiskeli valvu ya gurudumu la mbele ikiwa chini kabisa, piga alama ya chaki sakafuni mbele ya valvu. Panda juu, pamoja na mzigo wako wa kawaida, na mtu akushike usiyumbe. Akusukume polepole kwa mstari ulionyooka hadi valvu imezunguka mara 3 na kurudi chini. Piga alama ya pili, pima umbali kati ya alama mbili kwa milimita, gawanya kwa 3. Mizunguko mitatu ni bora kuliko mmoja kwa sababu kosa dogo la chaki linagawanyika nalo. Namba utakayopata ndiyo uiingize, hata kama inatofautiana na ya kijitabu.

Anayetaka uhakika zaidi aende barabara kuu yenye vigingi vya kilomita, asubuhi na mapema magari yakiwa machache. Anzia kwenye kigingi kimoja ukiwa umefuta umbali wa safari, malizia kwenye kigingi cha kumi baada yake. Mita ikisoma 10.3 badala ya 10, chukua namba iliyomo, izidishe kwa umbali wa kweli, gawanya kwa umbali ulioonyeshwa. Kama namba ilikuwa 2,155, hesabu ni 2,155 mara 10, gawanya kwa 10.3, unapata 2,092. Ingiza hiyo. Usilinganishe na mita ya gari la jirani, kwani nayo ina makosa yake.

Mita ikishakuwa ya kweli, inastahili kutumiwa kwa akili. Mwendokasi wa sasa ndio unaovutia macho, nao ndio wenye manufaa madogo. Namba ninayoithamini kuliko zote ni jumla ya kilomita. Nunua daftari dogo, na kila unapobadilisha cheni, tairi, mpira wa breki au kupaka grisi kwenye haba, andika kilomita zilizosomeka siku hiyo. Kagua cheni kila kilomita 1,000 hivi, mapema zaidi kama unapita kwenye mchanga na vumbi, na hutashtukizwa na meno ya gia yaliyoliwa. Kwa mwenye baiskeli ya biashara, daftari hilo ni hesabu ya fedha. Tuseme tairi la shilingi 20,000 limekwenda kilomita 4,000. Hilo limemgharimu shilingi 5 kwa kilomita. La shilingi 12,000 lililokwisha kwenye kilomita 1,500 limemgharimu shilingi 8. Rahisi lilimla zaidi, na bila mita asingejua.

Wastani wa mwendo nao unataka kusomwa vizuri. Mita nyingi husimamisha muda wa safari gurudumu linaposimama, kwa hiyo wastani wake hauhesabu mataa, kivuko cha reli, wala pancha. Ukienda kilomita 24 na muda wa safari ukasoma saa 1 na dakika 20, wastani ni kilomita 18 kwa saa. Lakini saa yako ya mkononi inaweza kukuambia umetumia saa 1 na dakika 55 tangu utoke mlangoni. Kwa kupima mazoezi, tumia namba ya kwanza. Kwa kumwahidi mtu utafika lini, tumia ya pili.

Na macho yabaki barabarani. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kila sekunde unasafiri karibu mita 7. Kutazama kioo kwa sekunde mbili ni kupita mita 14 bila kuona shimo, mtoto, au mlango wa daladala unaofunguka. Soma mita unapokuwa kwenye barabara iliyonyooka na tulivu, kwa kupepesa tu. Mjini, iache ihesabu, uisome ukifika. Ukifika, chomoa kioo kwenye kitako ukitie mfukoni. Kinachomolewa kwa kidole, na ukiweza kukichomoa wewe, mwingine naye anaweza. Kuchomoa kuna faida nyingine: kwenye jua kali kioo hupata joto la kukitia weusi kwa muda, na baiskeli ikiwa kwa fundi au juu ya basi, gurudumu likizungukazunguka, mita itakuandikia kilomita ambazo hukuziendesha.

Mvua ya kawaida haiidhuru. Usiioshe kwa mashine ya presha, na usiitumbukize. Kabla ya masika, fungua mifuniko ya betri, pangusa ndani, paka grisi kidogo sana kwenye mpira wa kuzuia maji, funga.

Betri zinunue kwenye pakiti iliyofungwa. Mwenye kipimo cha umeme apime: betri mpya ya CR2032 itasoma volti 3 au juu yake kidogo. Kabla ya kuitoa ya zamani kwenye kioo, andika kwenye daftari lako namba ya gurudumu na jumla ya kilomita. Na betri iliyotolewa isibaki mezani hata dakika moja kama nyumbani kuna watoto. Betri hii ya milimita 20 ikimezwa na mtoto na kukwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili. Ukishuku amemeza, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie wahudumu ni betri ya aina gani.

Mita ikigoma, usiitupe. Namba zikififia au kioo kikizima, betri ya kioo imekwisha. Saa ikiwa inasomeka vizuri lakini mwendo umebaki sifuri, tazama sumaku kwanza, maana mara nyingi imegeuka au imeteleza kwenye spoku. Iko sawa, basi badilisha betri ya kihisi. Mwendo ukiruka ghafla hadi 80 au 90 unapopita chini ya nyaya kubwa za umeme, au usiku tu unapowasha taa, hayo ni maingiliano ya mawimbi: sogeza taa mbali na kioo, na ya nyaya yaache yapite. Mwendo ukikatika kwenye mashimo na kurudi kwenye lami, nafasi kati ya sumaku na kihisi ni kubwa, au vibana vimelegea.

Jambo la mwisho la kumwambia fundi wako: kila anapotoa gurudumu la mbele kuziba pancha, alirudishe kwa upande uleule, sumaku ikitazamana na kihisi, kisha alizungushe mbele yako mpaka kioo kisome. Akikubadilishia tairi la upana mwingine, ulipime upya siku hiyohiyo.